Niliagiza Philip the Good nikaletewa Philip the Bold: vitabu na tovuti za Kiingereza kuhusu utemi wa Burgundy

Nianze na kisa maana kinaeleza shida yote. Niliagiza kitabu cha Philip the Good kwenye duka moja la mtandaoni la vitabu vilivyotumika, jina nawahifadhia, nikasubiri wiki tano, nafungua bahasha nakuta Philip the Bold. Nikawaandikia, wakanijibu kwa upole kabisa kwamba mwandishi ni yuleyule na Philip ni Philip, nikabaki nimeshika kiuno. Jamani, kati ya hao Philip wawili kuna mtu mzima katikati! The Bold ni babu, the Good ni mjukuu, na aliyekaa kati yao, John the Fearless, alipigwa shoka na watu wa mwana wa mfalme wa Ufaransa kwenye daraja la Montereau mwaka 1419 akiwa kwenye mazungumzo ya kupatana, na kifo kile ndicho kilimfanya mjukuu awaunge mkono Waingereza dhidi ya ukoo wake mwenyewe wa Ufaransa kwa miaka 16. Ukiniletea babu badala ya mjukuu umeninyima vita nzima.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini, Burgundy ni ule utemi wa Dijon, mashariki ya Ufaransa. Wenyewe waliitwa maduki ila mi nitasema watemi, inatosha. Mwaka 1363 mfalme John II alimpa utemi huo mwanawe wa mwisho, Philip (ndo huyo the Bold), dogo ambaye akiwa na miaka 14 alibaki na baba yake vitani Poitiers wakatekwa wote wawili na Waingereza. Philip akamuoa mrithi wa Flanders mwaka 1369, baba mkwe akafariki 1384, basi utemi wa mashamba ya mizabibu ukajikuta una Ghent na Bruges ndani yake, miji ya vitambaa na wafanyabiashara wenye hela zao na vichwa vyao vigumu. Waliofuata wakaendelea kuokota, Namur, Brabant, Holland, Zeeland, Hainaut, Luxembourg, hapa ndoa, pale pesa, kule ubabe. Watemi wanne tu, miaka 114, halafu Januari 5 1477 Charles the Bold, mwana wa Philip the Good, akafia nje ya mji wa Nancy kwenye theluji, kwisha habari.

Sasa utaona tatizo liko wapi. Nchi zile leo ziko Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, nyaraka zake ni za Kifaransa, Kiholanzi na Kilatini, na wanahistoria wa huko wanaandikiana kwa lugha zao kama kawaida ya watu. Mi Kifaransa changu ni cha kuombea maji tu, Kiholanzi ndo kabisa. Kwa hiyo huu uchambuzi ni wa mtu anayetegemea Kiingereza peke yake, nimetumia miezi kama minane hivi na hela ambazo sitaki kuzijumlisha, nawaambia kipi kilinifaa na kipi kilinipotezea muda.

Tuanze na mzee mwenyewe, Richard Vaughan. Vitabu vinne, mtemi mmoja kitabu kimoja, vilitoka 1962, 1966, 1970 na 1973, kisha wachapishaji Boydell wakavirudisha sokoni mwaka 2002, kila kimoja kikiwa na utangulizi mpya wa mwanahistoria wa kizazi kilichofuata. Hapa nasema wazi, ukitaka habari kamili ya hawa watemi kwa Kiingereza hamna njia ya kumkwepa huyu mzee, kila kitabu kingine utakachoshika ukiangalia tanbihi zake utamkuta yumo. Chekesho ni kwamba alikuwa pia mtu wa ndege, ameandika vitabu vya ndege wa pwani na wa Aktiki, na ukishajua hilo unaanza kuona anavyoandika kuhusu watemi: anakaa kimya mbali, anahesabu, anaandika alichokiona, haruki ruki na hisia.

Ila tusidanganyane, Philip the Bold (kile nilicholetewa kwa makosa, nikakisoma kwa hasira) ni kikavu. Kurasa na kurasa za nani alikusanya kodi wapi na ofisi ya hesabu ya Lille ilifanyaje kazi na ile ya Dijon ilifanyaje. Nilisinzia nacho mara nyingi. Baadaye ndo nikaelewa kwamba huo ukavu ndiyo hoja yenyewe, maana Vaughan anachotaka kuonyesha ni kwamba pale palikuwa na serikali inayojengwa kidogo kidogo kwa wino na vitabu vya hesabu, siyo mashujaa wa farasi tu. Kinafaa lakini usianze nacho, utaacha somo zima.

Anza na Philip the Good. Nilikipata hatimaye, kwa muuzaji mwingine, na humo kuna kitu nimekisoma nikacheka peke yangu usiku. Ni hati ya malipo ya mwaka 1433, imetafsiriwa kwa urefu, mtemi anamlipa mchoraji wake Colard le Voleur pauni 1,000 za wakati huo kwa kazi aliyofanya kwenye ngome ya Hesdin. Unadhani ni michoro ya watakatifu? Thubutu. Ni mitego! Sanamu za kumwagia watu maji. Vibomba vya chini kwa ajili ya kuwalowesha wanawake wanapopita. Mlangoni kifaa kinachompiga mgeni kichwani na mabegani. Mtawa wa mbao, wa wale wanaokaa peke yao, anayeongea na watu. Kitabu cha mashairi kimewekwa kwenye meza, ukisogea kusoma kinakurushia uchafu mweusi usoni, halafu kuna kioo cha kujiangalia, ukikikaribia unamwagiwa unga. Chumba kinachonyesha mvua, theluji na radi kama ya angani. Na karani wa hesabu ameyaandika hayo yote moja moja kwa uso mkavu kabisa kama anaorodhesha magunia ya ngano. Huyu Philip ndo yuleyule aliyeanzisha Nishani ya Ngozi ya Dhahabu mwaka 1430 kwa mashujaa wenye heshima tupu, ndo yuleyule ambaye watu wake walimkamata Joan of Arc, yule binti aliyeongoza jeshi la Ufaransa, huko Compiègne mwaka huohuo akauzwa kwa Waingereza. Hati moja ya malipo inakupa mtu mzima, na ni Vaughan ndiye anakuwekea mbele bila kuongeza mbwembwe.

Charles the Bold kiko vizuri pia, cha mwisho na kirefu, kuna barua zake mwenyewe, anaonekana mtu wa kazi nyingi asiyelala na asiyesikiliza. Mapungufu ya seti nzima: wanawake wanapita kama wageni, watu wa kawaida wa mijini wanaonekana zaidi wakiasi, sanaa haipewi nafasi kubwa, na ni vitabu vya miaka ya sitini na sabini kwa hiyo utafiti umeshasonga. Bei ya vipya inauma, vya mtumba vinapatikana ila soma jina la kitabu mara tatu kabla ya kulipa, unajua tena. Nyota nne na nusu, ile nusu nimeikata kwa ajili ya kurasa za kodi.

Halafu kuna The Burgundians cha Bart Van Loo, Mbelgiji, Kiholanzi chake kilitoka 2019 na tafsiri ya Nancy Forest-Flier ikaja 2021. Hiki ndo kile ambacho mtu atakununulia zawadi akisikia unapenda mambo haya. Kinasomeka kama riwaya, kinaanzia kwa wale Waburgundi wa zamani kabisa wa enzi za Roma inaanguka, kinakimbia miaka 1,111, kisha kinapunguza mwendo, karne, muongo, mwaka, mpaka siku moja. Ule mpangilio ni ujanja mzuri kweli. Karamu ya Lille ya Februari 17 1454, ile ambayo wakubwa wote walikula kiapo mbele ya ndege fezanti aliye hai amevalishwa mkufu wa vito kwamba wataenda kuikomboa Constantinople iliyotekwa na Waturuki, hapa inapikwa mpaka unasikia harufu. (Hawakwenda. Walikula, wakaapa, wakarudi nyumbani.) Shida yangu na Van Loo ni kwamba anawapenda mno hawa watu, kila kitu kinang'aa, na ukitaka kujua hii habari kaitoa wapi hasa inabidi uhangaike. Nyota nne kwa raha, mbili kwa mtu anayeandika makala. Lakini kama hujawahi kusikia habari hizi, anza hapa, usimsikilize anayekuambia uanze na kitu kigumu ili uonekane msomi.

Katikati ya hao wawili kuna The Promised Lands cha Blockmans na Prevenier, Kiingereza chake ni cha 1999. Hawa wanaangalia kutoka upande wa miji: nani alikuwa anauza nini, Ghent iliasi kwa nini 1449 mpaka ikapigwa Gavere 1453, mkate, mishahara, mabunge ya majimbo. Baada ya Vaughan nilikuwa najua mtemi alitaka nini, baada ya hawa nikajua waliokuwa wanalipa walisema nini. Kinaenda mpaka 1530 kwa hiyo Mary wa Burgundy hajaachwa nje, yule binti aliyeachiwa mzigo 1477 akiwa na miaka 19, miji ikambana akasaini ile Hati Kuu ya Februari ya kuwarudishia haki zao kabla hata msiba haujapoa. Kizuri, kifupi kiasi, kimepungukiwa na masimulizi kidogo.

Huizinga sasa, yule mwanahistoria Mholanzi. Watu wote watakuambia soma Huizinga, ni sawa, ila hakuna anayekuambia kwamba kwa Kiingereza yuko mara tatu na siyo kitabu kimoja. Cha Kiholanzi ni cha 1919. Kiingereza cha kwanza, 1924, The Waning of the Middle Ages, kimefupishwa, tena kwa ridhaa yake mwenyewe mwandishi, vipande vingi vimekatwa. Mwaka 1996 ikaja tafsiri nyingine yenye Autumn kwenye jina, kisha 2020 ikaja ya Diane Webb, Autumntide, kamili na ina picha. Mi nilisoma ya 1924 nikabishana na mtu aliyesoma ya 2020, tunatukanana kwa adabu kumbe tunaongelea vitabu viwili. Ukinunua angalia jina. Na ujue unasoma mtu anayetafuta hali ya hewa ya zama, harufu na machozi na kengele, siyo matukio, tarehe hazitafuti wala hazimtafuti.

Haya, sasa kile ambacho mimi nakiona ndo bora kuliko vyote kwa hela yako, na hakina sifa kubwa mitaani. Ni Court and Civic Society in the Burgundian Low Countries, wametoa Andrew Brown na Graeme Small mwaka 2007 kwenye ule mfululizo wa Manchester wa nyaraka za zama za kati. Ni nyaraka zenyewe zimetafsiriwa. Sherehe za ikulu, mashindano ya mikuki, mapokezi ya mtemi akiingia mjini, kila moja na maelezo mafupi mbele yake ya kukushika mkono. Kwa nini nakiweka juu? Kwa sababu msomaji wa Kiingereza peke yake kwenye somo hili anaishi kwa kuambiwa. Vaughan anakuambia, Van Loo anakuambia, wote wamesoma wewe hujasoma, hata ukitaka kubisha unabishia nini. Hapa angalau unakaa meza moja na watu wa karne ya 15. Nilisoma kipande kimoja cha mapokezi mjini mara tatu nikaanza kuona vitu ambavyo wakubwa hawakuvitaja, nani amepangwa kusimama wapi, nani hajatajwa kabisa, raha niliyopata sikuipata kwenye kitabu kingine chochote kwenye orodha hii. Kuna toleo la jalada laini, chukua hilo. Nyota tano, na ningeongeza ingekuwa ruksa.

Maana ukiacha hicho, wanahistoria wa wakati ule kwa Kiingereza ni majanga. Chastelain, mwandishi rasmi wa ikulu, kwa sehemu kubwa kabaki kwenye Kifaransa chake. Olivier de la Marche, ambaye alikuwepo kila mahali na kuona kila kitu, hivyohivyo, utapata vipande vipande. Unaobaki nao ni wawili. Wa kwanza Monstrelet, alitafsiriwa na Thomas Johnes mwanzoni mwa karne ya 19, ni bure mtandaoni kwa sababu ya uzee. Nampenda lakini ananitia hasira: alikuwepo mwenyewe siku Philip the Good alipokwenda kuongea na Joan of Arc baada ya kumkamata, yumo humohumo, halafu anaandika kwamba maneno waliyosema hayakumbuki vizuri. Hukumbuki! Umekaa chumba kimoja na Joan of Arc, kazi yako ni kuandika historia, na hukumbuki! Wenye akili wanasema alikumbuka sana ila aliyekuwa anamlipa hakutaka iandikwe.

Wa pili ni Philippe de Commynes, na huyu anapatikana vizuri kabisa, kuna tafsiri ya Michael Jones ya Penguin ya 1972 inasomeka safi, na kuna ile ya zamani ya Scoble ya katikati ya karne ya 19 ambayo ni bure. Sasa wewe soma ukijua unasoma nani. Commynes alikuwa mtu wa ndani wa Charles the Bold, akatoroka usiku Agosti 1472 akaenda kwa adui, mfalme Louis XI wa Ufaransa, akapewa vyeo na mashamba. Kwa hiyo kila anapokuambia Charles alikuwa mkaidi hashauriki, kumbuka huyu ni mtu anayeeleza kwa nini aliacha kazi ya zamani. Anaandika vizuri mno, hapo ndipo hatari ilipo, maana nusu ya vitabu vya Kiingereza vya zamani vimemmeza mzimamzima.

Mfano wa waliommeza ni Charles the Bold cha Ruth Putnam, 1908, kiko Project Gutenberg bure kabisa, unashusha kwenye simu dakika moja. Lugha ni ya bibi mwenye miwani lakini inaenda, na kwa mtu asiye na hela ya kuchoma ni mwanzo mzuri tu. Kile kifo cha Nancy nilikisomea kwenye simu: siku mbili hawajui mtemi yuko wapi, wanakuja kumkuta uchi kwenye maji yaliyoganda, uso umeliwa na wanyama, daktari wake anamtambua kwa meno yaliyokosekana, kovu la zamani na kucha ndefu. Mtu aliyetaka avikwe taji la ufalme pale Trier mwaka 1473, mfalme mkuu wa Ujerumani akaondoka kimyakimya kwa mashua akamwacha na nguo zake mpya, anatambuliwa kwa kucha.

Na hapa niwaonye kitu. Msinunue hivi vitabu vya zamani kwa wale wanaochapa kopi moja moja ukiagiza. Mi niliingia mkenge, kampuni moja hivi, kava inang'aa na picha ya ngome ambayo hata siyo ya huko, ndani ni skani iliyosomwa na mashine bila mtu kuangalia. Duke imekuwa Dulce kurasa nzima. Ramani hamna. Mti wa ukoo umekatwa katikati kiasi kwamba John the Fearless hana watoto, sasa Philip the Good katoka wapi? Hela nilitoa mwenyewe kwa mkono wangu kwa kitu ambacho Gutenberg wanagawa kimesahihishwa na watu wa kujitolea.

Tovuti nyingine nitapita haraka. Internet Archive unafungua akaunti unaazima vitabu vilivyoskaniwa kwa saa moja moja, ila tangu wachapishaji wakubwa wanne waishinde kesi, rufaa iliamuliwa 2024, vitabu zaidi ya laki tano vimetolewa kwenye kuazimwa, kwa hiyo ukikiona unachokitaka soma leo. HathiTrust ina hazina ya vitabu vya kale lakini ukiwa nje ya Marekani mengi yanafungwa, utaona jina na idadi ya mara neno linatokea, ni kama kunusa chakula cha jirani. JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, ukijiandikisha bure unasoma makala 100 kwa mwezi kwenye skrini, kwa mtu wa kawaida hizo hazimaliziki. BMGN, jarida la historia la nchi za chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji, liko wazi lote na makala nyingi ni za Kiingereza, hili watu hawalijui na ni aibu.

Ila siri kubwa kuliko zote ni makumbusho. Met ya New York na Getty ya Los Angeles wameweka katalogi zao za zamani bure, pdf nzima, picha na tanbihi na kila kitu. Pale Met kuna ya Petrus Christus, mchoraji wa Bruges, na Getty wana Illuminating the Renaissance ya 2003 kuhusu vitabu vya Flanders vilivyoandikwa na kuchorwa picha kwa mkono, na nyingine kabisa kuhusu kitabu kimoja tu cha Margaret wa York, mke wa tatu wa Charles the Bold. Kitabu kizima kuhusu kitabu kimoja cha mwanamke mmoja! Yale mapungufu ya Vaughan kuhusu wanawake na sanaa, mi nimeyazibia hapa bila kulipa senti. Toleo la karatasi ukinunua dukani utauza figo.

Na huyu Margaret ana jambo lake ambalo linanifanya nione hii kero ya Kiingereza kama kejeli. Alikuwa dada wa mfalme Edward IV wa Uingereza, akaolewa Damme Julai 1468, sherehe zikafanyika Bruges siku kadhaa. Bruges hapohapo alikuwepo mfanyabiashara Mwingereza, William Caxton, anatafsiri hadithi za Troy kutoka Kifaransa, akakata tamaa akaziacha. Margaret akaomba aone kurasa alizoandika, akazisoma, akamkosoa Kiingereza chake (Caxton mwenyewe ndo anasema kwenye utangulizi), akamwamuru amalize. Akamaliza, akachapa miaka ya 1473 au 1474 hivi, na kile ndicho kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa kwa Kiingereza duniani. Kimezaliwa kwenye himaya ya watemi wa Burgundy! Leo mimi natafuta Burgundy kwa Kiingereza natembea kama mwenye kuokota kuni jangwani.

Mwisho kabisa, mbinu za kutafuta, maana nilipoteza mwezi mzima wa kwanza kwa ujinga tu. Ukiandika Burgundy peke yake utaletewa mvinyo, rangi ya midomo na nguo za harusi. Ukiongeza kingdom utapelekwa karne ya 5. Ukiongeza county utapelekwa Franche-Comté, jirani yake, ambayo ilikuwa ya watemi haohao lakini chini ya dola la Ujerumani siyo Ufaransa. Tumia Valois Burgundy (Valois ni jina la ukoo wao) au Burgundian Low Countries, hapo ndo utaona wataalamu wanakaa. Majina ya watu nayo, Kiingereza kimewapa Philip wa kwanza na Charles wa mwisho jina moja la the Bold, wakati Kifaransa kinawatofautisha vizuri, mmoja Hardi mwingine Téméraire, yaani mmoja shupavu mwingine wa kukurupuka, na huko ndiko mwenye duka langu alikoanzia kuchanganyikiwa, namsamehe nusu. Miji ina majina mawili matatu, Mechelen ni Malines, Ghent ni Gent ni Gand, Murten ni Morat, kule Waswisi walikomfundisha Charles adabu Juni 1476. Commynes utamkuta pia kama Comines na Commines. Jaribu yote, kuna makala niliipata siku nilipoandika Malines baada ya wiki mbili za kuandika Mechelen.

Lile duka la mwanzo walinirudishia hela baada ya barua nne, na kitabu wakasema nibaki nacho. Kisha shemeji yangu, Mungu ambariki, kusikia napenda haya mambo akaniletea zawadi, nafungua, Philip the Bold. Kwa hiyo ninazo kopi mbili za babu, moja haina hata mkunjo, mwenye John the Fearless ya ziada tubadilishane.